Nilifuata Maneno ya Nyumbani Mitaani Lisbon

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mtu akifika mji wa kale wa Ulaya, afanye nini aufaidi, mbali na vile vivutio ambavyo kila mgeni anavijua? Jibu langu ni moja, na nimelijaribu kwa miguu yangu mwenyewe. Atafute maneno ya kwao, kisha ayafuate.

Mji ninaousema ni Lisbon, Ureno. Nilikwenda kukaa mwezi mmoja kwa mdogo wangu, ambaye ni mpishi katika hoteli moja huko. Yeye alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa peke yangu. Siku tatu za kwanza nilizunguka wanakozunguka wote: Mnara wa Belém, monasteri ya Jerónimos lilimo kaburi la Vasco da Gama, tramu ya manjano namba 28. Ni mahali pazuri, simkatazi mtu. Lakini mdogo wangu aliporudi na kuniuliza, "Dada, leo umeona nini?" nilikosa cha kumsimulia zaidi ya majina ya majengo.

Siku ya nne niliingia mkahawa mdogo wa mtaani kutafuta chakula cha mchana. Mama mmoja wa makamo akaja kunifutia meza, akasema maneno mengi nisiyoyaelewa, ila katikati yake nikasikia "meza". Wao wanaiandika mesa, kwa s, lakini wanaitamka kwa z kama sisi. Akaniletea maji, akaonyesha bilauri, akasema "copo". Meza. Kopo. Shuleni tulifundishwa kwamba Kiswahili kilikopa maneno kwa Wareno. Tukayaandika daftarini, tukajibia mtihani, yakaisha. Kuyasikia kinywani mwa mtu aliyeshughulika na kazi zake, asiye na habari kwamba anasema maneno ya nyumbani kwangu, kulinigusa kwa namna nisiyoitarajia.

Tangu saa ile nikawa natembea na masikio. Dukani, juu ya pale pa kulipia, pameandikwa Caixa. Ndilo kasha letu. Fundi wa baiskeli aliokota parafuso chini. Jengo la serikali limepandishwa bandeira. Mtu anayetembea hivi hachoki upesi, kwa sababu kila kona inaweza kumpa kitu.

Siku niliyoifurahia kuliko zote ilikuwa ya Rua dos Fanqueiros. Mtaa huo uko Baixa, sehemu ya chini ya mji iliyobomolewa na tetemeko la Novemba 1, 1755, moto na mawimbi ya bahari vikamalizia. Ilipojengwa upya, barabara zilinyooshwa na nyingi zikapewa majina ya kazi za mikono: hapa washona viatu, pale watengeneza hatamu, kule wafua fedha. Fanqueiros ni wauza vitambaa, na nilikuta bado wapo wanaouza mashuka na vitambaa vya meza. Niliingia duka moja, nikamsalimu mwenyewe kwanza. Hilo ni la muhimu huko: ingia na bom dia yako kabla ya kugusa kitu, watu watakufungukia. Bibi yule akanitandikia mashuka, kisha akainua foronya na kusema, "Fronha." Nikamwambia na sisi tunasema foronya. Hakuelewa Kiswahili wala mimi sikuwa na Kireno cha kumweleza, basi nikawa naionyesha tu na kurudia: foronya, foronya. Akaicheka kwa furaha, akamwita mwenzake kutoka ndani aje asikie. Halafu wakaanza wao kunijaribu. Wakaleta kitambaa cha kichwani: "Lenço?" Leso! Nilitoka mle baada ya karibu saa nzima, na foronya mbili za mama yangu mkobani.

Si mbali na hapo, Rua do Arsenal, kuna maduka ya samaki waitwao bacalhau, wakavu wa chumvi, wamepangwa kama mbao. Aliyekulia pwani ataijua harufu ile kabla hajafika mlangoni. Ni ng'onda, ila wa bahari za baridi.

Kisha kuna igreja, yaani kanisa. Herufi ile j wanaitamka laini, na ukilisema neno lote haraka utalisikia gereza ndani yake. Nililisikia nikiwa kwenye kanisa la São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio. Kanisa hilo liliungua mwaka 1959, na walipolikarabati waliziacha nguzo na kuta zilizopasuka kwa moto zionekane zilivyo. Nje yake hukusanyika Waafrika, wengi wao wa kutoka Guinea-Bissau, wakipiga soga na kuuza kokwa za kola. Nilikaa nao kidogo. Ila akili yangu ilikuwa imeshaondoka, imekwenda Kilwa.

Mama yetu ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Tulipokuwa wadogo alituvusha hadi Kisiwani kuona magofu, na lile boma la ufukweni wenyeji wanaliita Gereza. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome pale. Boma linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani waliokuja baadaye. Jina tu ndilo lililobaki na safari yake ndefu. Usiku ule nikamuuliza mdogo wangu kama kuna mahali Lisbon panapotaja Kilwa. Hakujua. Tukatafuta kwenye simu, tukapata: Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes.

Nilimsubiri siku yake ya mapumziko tukaenda pamoja, kwa miguu. Njiani tulipita Rua do Poço dos Negros, yaani mtaa wa kisima cha weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, maana walikuwa wakiachwa hovyo bila kuzikwa. Leo ni mtaa wa mikahawa na maduka kama mitaa mingine. Ukiteremka mbele kidogo unafika Madragoa, mtaa ambao zamani uliitwa Mocambo, walikoishi Waafrika wengi, watumwa na walioachwa huru. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne mjini humo na amepita pale mara nyingi. Alisimama chini ya kibao cha jina la mtaa, akakisoma, akanyamaza mpaka tulipofika.

Makumbusho hayakuwa na foleni. Tulichokifuata ni monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi wakati wa kuabudu. Inaitwa Monstransi ya Belém. Ni ya dhahabu na enameli za rangi, urefu wake ni sentimita 73, na katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, wadogo sana, kila mmoja na uso wake. Aliyeitengeneza ni sonara Gil Vicente. Dhahabu yake ni kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuitoa mwaka 1502, katika safari yake ya pili, akaipeleka kwa Mfalme Manuel mwaka uliofuata. Ni mfalme yuleyule wa lile shimo. Kilwa nayo iliipata dhahabu kupitia biashara ya Sofala, kutoka bara, pande za Zimbabwe ya leo.

Ningeweza kuiona Belém yote, mtaa wa ule mnara na monasteri, pamoja na kaburi la aliyeichukua dhahabu ile, nikarudi nyumbani bila kujua kwamba yenyewe ipo, katika mji uleule. Ndiyo maana nawaandikia. Anayetaka kwenda asiende Jumatatu, makumbusho hufungwa, na aulize kwanza kama yako wazi, pamoja na chumba ilimo monstransi.

Kwenye kitako cha monstransi kuna maandishi yaliyozunguka: Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikakamilika 1506. Herufi ni za zamani na zimebanana. Tuliinama, tukazunguka kabati la kioo polepole, mdogo wangu akinitafsiria neno kwa neno, mpaka akalifikia. Kilwa imeandikwa kwa Q.

Tulipotoka alimpigia mama. Nilikuwa namsikia mama kwa mbali akiuliza tumekula nini, kuna baridi au la. Mdogo wangu akamweleza habari ya dhahabu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na jina wameliandika?"

"Wameliandika, mama."

"Lisome."

Akalisoma.