Kabla hujamtumia pesa yule muuzaji wa kobe

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia. Amepata mtu anayeuza kobe bapa, wale wa miambani wenye gamba jembamba linalobonyea ukilishika, dume na jike. Muuzaji kamwambia atume pesa leo, karatasi zitafuata. Anauliza: "Kaka, niwachukue au nitawakosa?" Usingizi ukanipaa, maana swali hilohilo niliwahi kujiuliza mimi.

Nianze na habari njema, kwa kuwa nimeisubiri miaka. Mwezi uliopita chatu tisa niliowatotolesha mwenyewe, wale wa Afrika Magharibi wanaojikunja kama mpira wakiogopa, wamevuka mpaka kwa kibali halali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kila mmoja alikuwa kwenye mfuko wake wa kitambaa, mifuko ndani ya sanduku lenye matundu, kama kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, za kusafirisha wanyama hai zinavyotaka. Kwenye kibali, mahali pa chanzo, ipo herufi moja: C. Maana yake mnyama amezaliwa kwenye ufugaji, na kundi la wazazi wake lilipatikana kihalali. Nilikikodolea macho kile kibali kuliko nilivyowatazama chatu wenyewe. Herufi hiyo ndiyo iliyoniangusha zamani.

Ilikuwa kabla ya 2019, mwaka ambao kobe bapa alipandishwa kutoka Kiambatisho cha II cha CITES, orodha ya wanaouzwa nje kwa kibali, hadi cha I, orodha yenye ulinzi mkali zaidi. Kuna mtu tulikuwa tunaitana ndugu. Tulikula pamoja, tulibadilishana mayai na vifaa. Akaniletea jozi ya kobe bapa. Karatasi ipo, muhuri upo, C ipo. Nikawaweka juu ya taulo jeupe chini ya taa nikaanza kuwakagua. Gamba la jike lilikuwa limesagika pembeni, limejaa mikwaruzo ya zamani, kama la mnyama aliyejipenyeza kwenye nyufa za mawe maisha yake yote. Nikavuta mguu wa nyuma. Pale paja linapoingia kwenye gamba palikuwa na kupe. Mmoja tu, wa kijivu, amejaa. Nikamng'oa kwa kibano, nikamtumbukiza kwenye spiriti, nikafunga kichupa. Sikumwambia mtu.

Kobe aliyezaliwa kwenye boksi la mfugaji, kupe wa porini kamtoa wapi? Nilijiuliza usiku uleule, nikalizima swali kwa sababu nilikuwa nawataka wale kobe. Watu wanaonifahamu wanasema nilitapeliwa. Ni kweli nilitapeliwa, na mpaka leo inaniuma, lakini kupe nilimwona kwa macho yangu mawili.

Miaka iliyofuata sitaieleza yote. Jike akataga. Kobe bapa kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mkupuo, nalo hukaa miezi minne, sita, wakati mwingine zaidi. Asubuhi moja nikakuta ganda limetoboka tundu dogo, na ndani yake kijino cheupe cha mtoto kinapapasa njia ya kutokea. Nililia. Nilijiona mfugaji kamili.

Kisha nikaenda kuomba ruhusa ya kumuuza yule mtoto. Ofisa akaniuliza swali dogo: wazazi wametoka wapi? Nikatoa karatasi yangu kwa kujiamini. Akafuatilia namba ya kibali, akakuta ni ya shehena ya watoto wadogo wenye gamba la sentimita chache. Jike langu alikuwa mzee kuliko kituo kilichodaiwa kumzalisha. Walichukuliwa wote watatu, na mtoto wangu akiwemo. Yule ndugu hajapokea simu yangu tangu siku hiyo.

Kwa hiyo, karatasi kwanza. Na ukishaipata, isome. Herufi ya chanzo ina uzito: W ni wa porini, R ametolewa porini angali yai au mdogo akakuzwa, F amezaliwa kwenye ufugaji lakini hajatimiza masharti ya C. Aliye Kiambatisho cha I huuzwa nje kibiashara ikiwa tu amezalishwa kwenye kituo kilichosajiliwa CITES, na herufi yake huwa D. Halafu mtazame mnyama: umri, ukubwa na makovu yake yakubaliane na maandishi. Visipokubaliana, ondoka. Mpige picha gamba la chini, maana michoro yake inamtambulisha, na ukiweza mtie chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Mambo ya taa za UVB (zinazotoa mionzi kama ya jua), kalisi na karantini ya siku 90 nimeshayaandika sana na nitayaandika tena, lakini hayana faida kwa mnyama utakayenyang'anywa. Karatasi kwanza.

Na tusidanganyane kwamba haya ni mambo ya ofisini tu. Wanaowinda kobe bapa hupanua nyufa za miamba kwa vyuma na jeki, na ufa ukishavunjwa haumfichi tena kobe yeyote. Mnyama anayetaga yai moja kwa mkupuo hawezi kuziba pengo kwa haraka. Mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Tanzania, alikusanywa kwa ajili ya masanduku yetu ya vioo hadi mwaka 2016 nchi wanachama zikaamua kumwingiza Kiambatisho cha I moja kwa moja. Waliomnunua walikuwa watu kama wewe na mimi, wanaosema wanawapenda wanyama. Ukimlipa muuzaji asiye na karatasi, umemlipa aliyeshika jeki. Mimi nilimlipa.

Mdogo wangu, hao kobe wakikupita, waache wakupite. Usitume chochote leo. Mwombe picha ya kibali chote, mbele na nyuma, uniletee tukisome pamoja. Kisha mwambie awapige picha wote wawili kwa karibu, miguu ya nyuma ikiwa imevutwa, pale paja linapoingia kwenye gamba.