Kazi 4 ndani ya miaka 6: ni mimi sijatulia?

SWALI: Nina digrii, nina miaka 29. Baba naye alikuwa na digrii, akakaa kwa mwajiri mmoja miaka 31 mpaka akastaafu. Mimi tangu nimalize chuo nimepita kazi 4, zote za mkataba, na nyumbani naambiwa kizazi chetu hakitulii. Kuna mtu anauza kozi ya wiki 6, anasema nikipata cheti chake ajira ya kudumu ni uhakika. Nilipie?

JIBU: Usilipe ndugu yangu. Ila hili la "hamtulii" ndio naomba tuliongee, maana nalisikia kila wiki na linaniumiza, vijana wanajilaumu kwa kosa lisilo lao. Mzee anapima mwisho wa safari yake na mwanzo wa yako. Marekani, ambako wamepima hili miaka mingi, wafanyakazi wa miaka 25 hadi 34 mwaka 1983 nusu yao walikuwa hawajafikisha miaka 3 kwa mwajiri waliyenaye, na mwaka 2022 ikawa 2.8, sasa hapo tofauti iko wapi? Ambao muda wao kwa mwajiri mmoja umeporomoka ni wanaume wa umri wa 55 hadi 64, toka miaka 15 na ushee mpaka kama 10, yaani rika la wazee wenyewe!

Kilichobadilika ni mkataba, sio tabia. Mwajiri anakuchukua mwaka mmoja mmoja, na pensheni aliyokuwa anabeba yeye sehemu nyingi siku hizi ni akiba yako mwenyewe. Halafu kuna mwaka uliomaliza chuo. Japani uchumi ulipoanguka miaka ya 1990 makampuni yakapunguza kuajiri wahitimu wapya, na kwa vile kule wanachukua watu moja kwa moja toka chuoni, waliokosa mlango ule wengi wao wamehangaika na vibarua miaka na miaka, wakati kaka zao waliotangulia miaka michache tu, malezi yaleyale, walishaingia na kutulia.

Kwa hiyo kwenye wasifu wako kila kazi iliyokatika kwa sababu ya muda, andika "mkataba uliisha", usimwache anayesoma akadhani ulikimbia.

Na nyie wengine mnaotaka kulipia vyeti vya "ajira uhakika", jamani, anayeajiri ni mwajiri, sio muuza kozi. Muulizeni huyo mtu ni mwajiri gani amesaini kuwachukua wanafunzi wake, kwa mkataba wa muda gani, na akishindwa hela yenu inarudi lini. Akianza kuwahubiria habari za kujiamini, ondokeni.