Usiivute hiyo Scania Jumamosi kabla hujaizungusha injini kwa mkono

Mkuu simama hapo hapo. Huyo rafiki yako mwenye tipa mwambie Jumamosi alale.

Umeandika lori Scania 113 ya marehemu mzee imekaa yadi Kibaha miaka minne sababu ya kesi ya mirathi, betri mbili mpya umeshanunua, rejeta mmekuta imepungua mkaongeza maji, na fundi anasema "ikivutwa mita hamsini inaamka yenyewe". Halafu ndo unauliza dizeli ya zamani, oili, breki na tairi. Mimi nilivyofika kwenye rejeta na kamba jasho likanitoka, hayo mengine hata sijayasoma vizuri.

Yangu ilikuwa 113 hiyo hiyo, niliipaki biashara ya mbao ilipododa. Siku ya kuiamsha tumefungua mfuniko wa rejeta maji hayaonekani, fundi akasema yamekauka na jua. Nikaitikia. Na msinicheke, cheti cha VETA ninacho, ila cha umeme wa majumbani. Sasa maji yaliyofungiwa kwenye rejeta yenye mfuniko mzima yatakaukaje, karibu ndoo nzima? Chini ya gari pakavu, hakuna hata doa kwenye mchanga. Kama hayakumwagika nje basi yako ndani ya injini, hakuna pengine pa kwenda. Gasketi ya hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda, ilikuwa imeliwa pembeni ya silinda moja, gari likiwa limelala maji yanachuruzika tone tone yanakaa juu ya pistoni. Jioni tukajaza rejeta, asubuhi imepungua tena, yule fundi anasema "ilikuwa na upepo, sasa umetoka", akaongeza jagi lingine. Yaani tuliinywesha wenyewe usiku kucha halafu asubuhi tukaenda kuivuta.

Ikafungwa cheni kwenye Fuso lenye mzigo, mimi ndani, gia ya nne, nikaambiwa nikisikia honi niachie klachi. Nikaachia. Ikapiga "KA!" moja kavu, tairi za nyuma zikaburuza kwenye kokoto, halafu zikakubali kuzunguka, moshi mweupe ukafunika yadi yote, ikawaka. Watu wanashangilia, utingo anacheza juu ya bampa, fundi kachukua hela yake na soda juu.

Ile KA ilikuwa konrodi inapinda, yaani ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krankshafti. Injini ya dizeli inaibana hewa mpaka inabaki kama moja ya kumi na saba hivi ya nafasi yake, na hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni inapanda, valvu zote zimefungwa, inakutana na maji yasiyo na pa kutokea, kinachobaki kupinda ni konrodi. Na ndo maana hiyo kamba inanitia wazimu kuliko vyote, kwa sababu stata ikikuta maji mara nyingi inaguna tu inakwama, unashtuka, unatafuta sababu (nayo usiiamini sana, ikiwa imeshachanganya inapinda vile vile). Fuso lenye mzigo halisikilizi kitu, linaenda, na uzito wote wa magari mawili unakuja kumalizikia kwenye konrodi moja.

Baada ya hapo ikawa inakosa moto silinda moja, ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta inatetemeka mpaka kioo cha pembeni unaona watu wawili wawili. Fundi: "Nozo hiyo, ipe mzigo itajisafisha." Yaani kile kinachopulizia dizeli kwenye silinda. Nikaipa mzigo, saruji ya kupeleka Makambako. Katikati ya mlima Kitonga, Iringa, konrodi ikakatika ikatoboa blok, oili yote kwenye lami, foleni nyuma yangu wananitukana kwa lugha zote za Nyanda za Juu Kusini. Nampigia fundi ananiambia nilikanyaga sana mafuta. Kitonga! Sasa pale nikanyage nini, breki? Injini used niliyoulizia ilikuwa inakaribia nusu ya bei ya gari lenyewe, hapo bado kuifunga.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii moja tu: injini iliyolala muda mrefu inazungushwa kwa mkono raundi mbili kamili, nozo zote ziko nje, kabla ya stata, kabla ya kamba. Gia nyutro, kinga tairi na mawe. Spana unaweka kwenye nati ya puli ya krankshafti kule mbele, feni ikikubana kuna kidirisha kwenye nyumba ya flaiwili, lile gurudumu la meno nyuma ya injini, sukuma meno kwa nondo taratibu. Usiishie raundi moja, kila silinda inamaliza mzunguko wake kwa raundi mbili. Ikikaza usirefushe spana kwa bomba ukajifanya baunsa, inawezekana ringi za pistoni zimeshikwa na kutu, mwagia oili nyepesi kwenye matundu ya nozo iache ilale, kesho uitingishe mbele nyuma.

Kijiti cha oili chomoa pia, ukikuta rangi ya chai ya maziwa hiyo imeshachanganyika na maji. Ila hata ikionekana safi usifurahi, maji ni mazito yanakaa chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ambako kijiti hakifiki. Legeza nati ya sampu kidogo tu uone kinachotangulia kutoka ni nini.

Ikizunguka laini, nozo bado ziko nje, sasa ndo piga stata mpaka geji ya oili inyanyuke, hapo metali za krankshafti na turbo vimepata oili. Uso usiuweke karibu na matundu, kama kuna maji yanaruka kama risasi. Rudisha nozo, toa upepo kwenye mfumo wa dizeli, washa. Mtu awe amesimama na ubao tayari kuziba njia ya hewa, kwa sababu pampu ya dizeli iliyokaa sana raki yake, kile chuma kinachopima mafuta, inaweza kuganda kwenye mafuta mengi, injini ikapanda spidi yenyewe na isikubali kuzimwa. Na atakayekuja na kitambaa cha petroli kukiweka kwenye bomba la hewa mfukuze na kitambaa chake.

Dizeli ya miaka minne fungulia chini ya tenki imwagike yote, ukiona utelezi mweusi hao ni vijidudu wanaoota pale maji na dizeli vinapokutana, badilisha na filta. Oili, breki, tairi, wadau wengine watakusaidia, nimeshachoka kuandika na simu ina asilimia tatu.

Rejeta nenda leo hii, chungulia kama maji mliyoongeza yamepungua tena. Yakiwa yamepungua na chini pakavu, fungua koki uyatoe yote, na huyo fundi asiguse tena hilo gari.