Mwambie jicho lako limekwama wapi

"Nzuri sana, hongera" ni maneno ya upendo, na mtu aliyezunguka juani na kamera yake anastahili kuyasikia. Ila hayamsaidii kupiga picha inayofuata. Napiga picha za majengo kwa mapenzi tu, nyingi Mji Mkongwe wa Zanzibar, na maoni yaliyonifaa yote yalikuwa ya aina moja: mtu aliniambia jicho lake limeanzia wapi na limekwama wapi.

Kwa hiyo nikiletewa picha, kwanza nasema ninachokiona, kwa mpangilio ule ule ninaokiona. Nikishamaliza ndipo namuuliza mwenyewe: ulitaka tuone nini kwenye jengo hili? Majibu yetu yakipishana, hapo ndipo penye kazi.

Kijana mmoja alinionyesha mlango wa nakshi. Nikamwambia naona waya wa umeme uliokatiza juu, halafu pikipiki nyekundu kushoto, halafu misumari ya shaba. Akanyamaza kidogo. "Kaka, mimi niliupigia ule mfaa." Kweli, mfaa, yaani ule ubao wa kusimama katikati ya mbao mbili za mlango, ulichongwa maua toka juu mpaka chini, lakini kwenye picha ulikuwa mstari mweusi tu. Hapo hakukuwa na haja ya kubishana kama picha ni nzuri au mbaya. Swali likawa moja: mwanga gani utautoa mfaa?

Nakshi huonekana kwa vivuli vyake. Mwanga ukiipiga usoni moja kwa moja, inalala. Ukipita kwa ubavu, kila ua linasimama. Ndiyo maana siupendi ule ushauri wa kukariri kwamba mchana usipige picha. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, na jua la saa sita hushuka likiambaa na uso wa mlango. Kwa muda mfupi nakshi yote inajitokeza. Ukimwambia mtu arudi jioni, atakikuta kichochoro kizima kimeshaingia kivuli. Jioni iachie majengo yanayotazama bahari upande wa Forodhani, ambayo asubuhi jua linakuwa mgongoni mwake.

Lawama nyingine inayosikika sana ni majengo kuegemea nyuma. Chukua kanisa la Minara Miwili pale Shangani: nafasi ya kurudi nyuma ni ndogo, unainua simu, na minara inainamiana kama inayotaka kugusana. Kusema "imelala" hakutoshi. Mwambie simu ilitazama juu. Atafute paa la jirani, aombe ruhusa, apige picha simu ikiwa imesimama wima, isitazame juu. Kama hakuna paa, aache nafasi ya kutosha pembeni, maana programu ya kunyoosha mistari hula kingo za picha. Na kama alikusudia kuonyesha urefu, basi ainue zaidi. Minara iliyoinama kidogo tu inaonekana kama bahati mbaya.

Ukiwa wewe ndiye unayepokea maoni, ninakuomba jambo moja gumu: usijieleze kabla mwenzako hajamaliza. Picha itaonwa na watu ambao hutakuwepo kuwasimulia. Pia usiulize "mnaonaje?" Uliza kitu kinachojibika, kwa mfano: je, ghorofa ya juu inaonekana au baraza inavuta jicho lote?

Na usiwaulize wapiga picha peke yao. Mpelekee fundi mwashi. Mmoja aliitazama picha yangu ya ukuta, akaweka kidole kwenye kiraka cha saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, akanieleza kwamba saruji huzuia unyevu kutoka na ukuta huoza kwa ndani. Tangu siku hiyo kiraka kama kile ndicho ninachokipiga kwa karibu, kwa sababu ndicho kinachoeleza hali ya nyumba.

Si kila maoni ya kufuata. Anayetaka picha iwe nyeusi na nyeupe anasema anachokipenda yeye, msikilize, mshukuru. Lakini watu wawili watatu wasiojuana wakikwama kwenye waya ule ule, rudi kwenye jengo, sogea hatua mbili kulia, upige tena.