Baba yao yuko jeshini na watoto bado wadogo: kuondoka kwake si kitu, ngoja arudi

Siku mume anaondoka kila mtu anakupa pole. Simu zinapigwa, majirani wanapita, mama mkwe anaomba dua ndefu, wewe unalia kidogo unajifuta maisha yanaendelea. Mimi nimeshapitia hilo mara nne, mara mbili nikiwa na watoto wadogo, na nawaambieni ukweli siku ya kuondoka ndo rahisi. Kazi ipo akirudi, na hapo hakuna wa kukupa pole maana wote wanakuletea hongera.

Nianze na kosa letu la kwanza. Binti yangu alikuwa na miaka miwili na kitu, gari la kikosi likaja alfajiri, tukaona tusimwamshe, si mtoto tu huyu, akiamka atasahau. Hakusahau. Karibu mwezi mzima alilala kashika nguo yangu, nikienda chooni yupo mlangoni anagonga, kwa akili yake nyumba hii ukilala tu mtu anapotea. Na umri ule mtoto tayari ana hofu ya kuachwa, ni kitu cha kawaida, huanza kwenye miezi minane hivi na kupungua akikaribia miaka mitatu, sasa sisi tukaichochea wenyewe. Safari iliyofuata tuliaga mchana kweupe, baba kavaa gwanda, begi liko mlangoni, mtoto akalia mpaka akapaliwa, ila usiku alilala. Kwahiyo usimtoroke mtoto hata kama unaogopa kilio, kilio kinaisha.

Tarehe nayo usimpe. Safari hiyo ya pili ilikuwa ya mwaka mmoja, binti ana miaka minne, mdogo wake miezi saba, nikajifanya mjuzi nikachora visanduku ukutani, kila siku tunafuta kimoja mpaka baba arudi. Nilisahau nimeolewa na nani, maana jeshini tarehe ni makadirio tu mpaka mtu umwone mlangoni. Wakasogeza wiki tatu. Visanduku vikaisha, binti akavaa viatu akakaa mlangoni toka asubuhi, nikimwambia baba bado anasema vimeisha mama, hesabu. Aisee sitaki kurudia siku ile. Kesho yake nikabandua karatasi nikachukua chupa kubwa ya plastiki, nikamwambia kuanzia leo kila siku ambayo baba yuko kazini tunatumbukiza kokoto moja, akija tutamwonyesha zote. Kuhesabu kwenda mbele hakuna ahadi ndani yake, wakisogeza tena chupa inaendelea kujaa tu. Alafu kuna lingine, mtoto wa miaka minne akijua tarehe mtaa mzima umejua, na tarehe na sehemu ya kikosi sio vitu vya kutangaza, wala usiviposti, hata kale kapicha ka begi ukaandika siku tatu zimebaki. Najua inauma kukaa kimya, kaa kimya hivyohivyo.

Simu sasa. Nilikuwa naogopa kumweka mtoto mchanga mbele ya simu kwasababu ya yale tunayosikia kila siku kuhusu skrini, ila hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mwaka 2016, kikasema walio chini ya miezi 18 waepushwe skrini, vidio koli kiliiacha nje ya katazo. Basi tukawa tunapiga mtandao ukikubali. Usimlazimishe mtoto mdogo kuongea, hana stori, dakika mbili tu ameshaondoka. Mimi nilikuwa naegesha simu mahali wanapochezea, baba anawaangalia tu wanavyogombania midoli, mara anacheka mara anaita jina, na kwake hiyo ilikuwa tamu kuliko salamu za kukariri. Kabla hajaondoka pia mrekodi sauti akisimulia hadithi mbilitatu za usiku, kuna siku mtandao haupo wiki nzima.

Mambo ya makaratasi nayasema haraka ila yafanyeni mapema. Nendeni kwa wakili akuandikie karatasi ya kukuruhusu kusaini kwa niaba yake, mimi niliwahi kurudishwa dirishani na mtoto mgongoni eti aje mwenye akaunti, na mwenye akaunti yuko porini. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki viwe kwenye begi moja unalobeba mwenyewe, uhamisho ukija usivipakie kwenye lori la mizigo, utavitafuta miezi. Na tafuta mtu mmoja, mmoja tu, ambaye ukimpigia saa nane usiku anakuja kukaa na mtoto mkubwa wewe ukimbilie hospitali na mdogo. Mkubaliane kabla, usisubiri homa ije ndo uanze kuona aibu. Kwa walio na vichanga, chini ya miezi mitatu joto likifika nyuzi 38 usikae kungoja kupambazuke, nenda usiku huohuo. Wangu mimi ni jirani wa kikosini, mke wa askari kama mimi, mlango wa tatu, naye mume wake hayupo nusu ya mwaka, hatuna hata mazoea sana ya mchana ila usiku tunajuana.

Kitu kingine ambacho mimi mwenyewe nimekifanya sana ni ile "ngoja baba yako arudi". Unakuwa umechoka, umewabembeleza toka asubuhi, inakutoka. Shida yake ni kwamba miezi kumi na mbili unamjenga mtu anayekuja kuchapa, alafu siku anashuka kwenye gari unashangaa mtoto kajificha nyuma ya mlango. Kosa la leo limalizwe leo na aliyepo.

Haya, sasa kurudi.

Wangu alirudi mdogo ana mwaka mmoja na miezi minane. Kwenye simu alikuwa anambusu baba mpaka kioo kinalowa. Baba mwenyewe kashuka, mikono wazi, mtoto akapiga yowe kama kaona jini. Na siku ya pili, baba kakaa palepale kwenye kochi, wifi yangu akamuuliza mtoto baba yuko wapi, akanyoosha kidole kwenye simu. Watu wakacheka. Mimi nilimwona mume wangu anavyocheka huku anaangalia chini.

Kilichosaidia ni kumwambia asimfuate. Akae chini sakafuni, asimbebe, asimnyanyue kwa nguvu ili watu wapige picha, amwache aje. Ilichukua siku tano mtoto kumletea mdoli, na siku tisa kukubali kuogeshwa naye. Kuogesha ndo kazi niliyompa, kazi moja ya kila siku, yake peke yake, mimi siingii. Ndugu nao niliwaomba wasije wiki ya kwanza, wengine wakanuna, wamenuna mpaka leo wawili, sawa tu. Mkubwa yeye alimrukia baba siku ya kwanza nikasema huyu hana shida, wiki iliyofuata akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha zamani. Usimgombeze, badilisha shuka nyamaza, ilimalizika yenyewe.

Alafu tupo sisi wakubwa, na hapa ndo pagumu. Yaani mwaka mzima hii nyumba naiendesha mimi, najua nani analala na taa na nani bila taa, mtu anaingia siku ya nne anapanga upya kabati na kuwaamrisha watoto wasimame mstari kunawa mikono. Nikamwambia hawa sio makuruta. Akaniambia na wewe sio mkuu wa kambi. Tulinuniana siku mbili. Lakini nikijichunguza na mimi nilikuwa nagoma kuachia, akimvalisha mtoto nguo naenda kurekebisha kifungo kilichofungwa vizuri tu. Mwisho tukapatana hivi: wiki mbili yeye habadilishi kitu chochote, na mimi simrekebishi kwa chochote alichofanya na watoto, hata kama shati limegeuzwa. Mtoto alienda shule shati limegeuka. Hakufa mtu.

Na jingine wanawake hatuambizani. Mtu aliyetoka sehemu za hatari halali kama alivyokuwa analala. Mfuniko ulianguka jikoni siku moja nikamkuta kasimama katikati ya chumba hajui amefikaje. Watoto wadogo ndo kelele zenyewe, na asubuhi wanapenda kumrukia mtu usingizini, kwahiyo tuliweka sheria, baba anaitwa kwa jina kutoka mlangoni, harukiwi. Waliizoea kama mchezo. Kwetu ilipungua taratibu. Ila kama ndoto mbaya, hasira na kushtuka vimezidi mwezi na havipungui, usijipe moyo kwamba ni uchovu wa safari, hiyo inahitaji daktari, na mara nyingi wewe ndo utaiona kabla yake maana yeye atasema yuko sawa. Wote husema wako sawa.

Wengi mtaniuliza kuhusu hofu, ile ya gari usiloijua kusimama nje ya geti. Sina dawa yake. Taarifa ya habari niliacha kuwasha watoto wakiwa macho, mkubwa alishaanza kusikia jina la nchi aliko baba akauliza hao waliopigwa ni nani. Nilimjibu kwamba baba yuko na wenzake wanalindana na mimi nikipata habari yake nitamwambia kweli. Sikumwambia hakuna kitakachotokea, kwasababu sijui.

Kokoto tulizimwaga sakafuni jioni moja zote, baba akazihesabu na binti moja moja wakapotea njia mara tatu wakaanza upya, mdogo anakuja anachota anakimbia nazo. Mwezi ujao anaondoka tena. Chupa nimeshaiosha, na wameanza kugombana nani atumbukize ya kwanza.