Kufiwa na mume, na maombi yamekauka

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Unasema tangu mumeo azikwe maombi hayatoki, na wanawake wa jumuiya wanakwambia machozi yako ni upungufu wa imani. Hapo, kwa kweli, wamekosea. Yesu mwenyewe alilia Lazaro alipokufa (Yohana 11:35), na msalabani maombi yake yalikuwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Usijilazimishe kuanza na zaburi za shangwe. Fungua Zaburi ya 13, ni aya sita tu, na uisome kwa sauti hata kama ni jikoni: "Ee Bwana, hata lini utanisahau?" Siku ambazo hata hiyo ni ngumu, ipo ya 88. Hiyo inaishia gizani, haina shukrani mwishoni, na bado imo katika Biblia. Ukikosa maneno kabisa, Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kwa hiyo kukaa kimya ukiugua nako ni kuomba.

Wale rafiki za Ayubu walifanya vyema siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walipoanza kufafanua ndipo walipoharibu. Mchague mmoja wa jumuiya asiye na maneno mengi, umwambie aje akae nawe tu. Na huko kukosa usingizi na hamu ya kula kukiendelea, nenda hospitali pia.