Nauli Nimelipa, Kadi ya Nini Tena?

*Majibu kwa wasomaji: safari za ndege*

Naishi Muscat. Nimemkatia mama tiketi ya kutoka Dar es Salaam kwenye tovuti ya shirika la ndege, kwa kadi yangu. Tiketi imekuja na maandishi madogo kwamba abiria afike uwanjani na kadi iliyolipia. Kadi ninayo mimi huku, mama yuko Tanga. Nifanyeje?
*Msomaji, Muscat*

Kadi usiitume popote, na Bi Mkubwa usimwache aende uwanjani mikono mitupu.

Kwanza ujue wanachotafuta. Ulipolipa mtandaoni hakuna aliyeiona kadi wala mwenyewe. Mwenye kadi halisi akija kuiambia benki yake "sikununua mimi", na kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida humpa hadi siku 120 za kulalamika, benki humrudishia fedha zake na hasara mara nyingi humwangukia muuzaji. Kwa muuza viatu, mzigo huenda bado uko njiani na unaweza kuzuiwa. Kwa shirika la ndege, abiria keshafika na kiti hakirudi. Kaunta ya uwanjani ndiyo nafasi yao ya mwisho ya kumwona mtu ana kwa ana. Hawadai nauli mara ya pili. Wanataka ushahidi kwamba mwenye kadi anaijua safari hiyo.

Ushahidi huo unaweza kuutoa wewe mwenyewe huko Muscat, na ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote. Nenda ofisi ya shirika, mjini au uwanjani, ukiwa na kadi, kitambulisho na tiketi ya mama. Karani akishalinganisha, mwombe aandike kwenye bukingi yenyewe kwamba kadi imehakikiwa, kisha akutumie barua pepe ya kuthibitisha. Usiondoke kwa maneno ya mdomo tu: karani wa Dar atakachosoma ni kilichoandikwa kwenye kompyuta.

Kama ofisi hakuna, piga simu uulize wanapokea nini kwa tiketi iliyolipiwa na mtu mwingine. Mara nyingi huwa ni nakala ya kadi, nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha yako, na barua ya idhini uliyoitia saini. Barua iwe fupi lakini itaje jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti yake, namba ya bukingi (ile ya herufi na tarakimu sita), namba ya tiketi yenye tarakimu 13, tarehe ya safari, kiasi kilicholipwa, tarakimu nne za mwisho za kadi, na simu yako.

Kwenye nakala ya kadi watu wengi huharibu. Upande wa mbele, acha jina, tarehe ya kuisha na tarakimu nne za mwisho, zinazobaki zifunike. Baadhi ya mashirika huomba pia sita za mwanzo, nazo hazina siri kubwa, kwani zinaonyesha benki iliyotoa kadi. Zile za katikati zisionekane kabisa. Upande wa nyuma, funika namba tatu za usalama. Funika kwa kipande cha karatasi *kabla* ya kupiga picha. Kalamu za kuchorea za kwenye simu nyingine ni nyepesi: mtu akiongeza mwanga wa picha, namba zinachomoza chini ya wino.

Mama abebe nakala mbili za kila karatasi, kwa sababu moja inaweza kubaki kaunta. Halafu hesabu siku vizuri: mapumziko ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, ya Tanzania Jumamosi na Jumapili. Ukianza shughuli hii Alhamisi jioni, huenda usimpate wa kukujibu mpaka wiki ijayo. Na siku ya safari simu yako iwe hewani, hata kama ndege ni ya usiku wa manane.

Nilipolipa, benki ilinitumia namba ya siri kwa SMS nikaijaza. Bado kaunta wakataka kadi. SMS ile ilikuwa ya nini basi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Swali zuri. Malipo yanapopita kwenye uhakiki wa SMS au wa programu ya benki, hasara ya udanganyifu kwa kawaida huhama kutoka kwa shirika kwenda kwa benki iliyotoa kadi. Ndiyo maana mashirika mengi hayaulizi kadi kwa tiketi za namna hiyo. Ila si kila malipo hupita huko. Ulaya uhakiki wa hatua mbili ni lazima kisheria, na Uingereza ulikamilika Machi 2022. Marekani hakuna sheria kama hiyo, kwa hiyo ndugu akikulipia kutoka huko inawezekana kabisa asiulizwe namba yoyote.

Zaidi ya hapo, kila shirika lina chujio lake. Vinavyoamsha chujio ni vile vinavyofanana na mwendo wa matapeli: tiketi iliyonunuliwa saa chache kabla ya kuruka, ya kwenda tu, mlipaji si msafiri, kadi imetoka nchi nyingine na safari inaanzia nyingine. Alama huwekwa siku ya kununua, si karani kukukazia macho kwenye foleni. Dalili yake moja ni kujaribu kuchekini mtandaoni na kuambiwa "onana na kaunta", ingawa ujumbe huo huja pia kwa sababu ya viza au pasipoti. Ukiuona, piga simu siku hiyohiyo.

Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, haina plastiki. Nitawaonyesha nini?
*Msomaji, Nairobi*

M-Pesa GlobalPay ya Safaricom na Visa ipo tangu 2022, na si makarani wote waliowahi kuiona. Fungua programu mbele yake aone kadi na tarakimu nne za mwisho, umwonyeshe na SMS ya malipo yenye kiasi na tarehe. Usitegemee intaneti ya uwanjani. Chapisha ukurasa wa muamala nyumbani. Na usimpe simu mkononi.

Waliolipa kwa Apple Pay au Google Pay wana mtego wao. Simu hutumia namba mbadala, hivyo nne za mwisho zilizopo kwenye tiketi huenda zisilingane na zilizochapwa kwenye kadi. Kwenye iPhone, namba hiyo mbadala iko kwenye maelezo ya kadi ndani ya Wallet. Ijue mahali ilipo kabla ya kupanga foleni.

Kadi niliyolipia iliibwa, benki imenipa mpya yenye namba nyingine.
*Msomaji, Mombasa*

Omba benki barua yenye mhuri, ionyeshe jina lako na nne za mwisho za kadi zote mbili, ya zamani na mpya. Taarifa ya akaunti inayoonyesha malipo ya tiketi iende nayo. Kama kadi iliisha muda tu na bado unayo, usiikate mpaka urudi safari.

Kuna wakala wa WhatsApp anauza tiketi kwa nusu bei. Nimeangalia kwenye tovuti ya shirika, bukingi ipo na imethibitishwa. Ni salama?
*Msomaji, Zanzibar*

Kuthibitishwa hakumaanishi kwamba kadi iliyolipia ni halali. Tiketi iliyonunuliwa kwa kadi ya wizi ni tiketi ya kweli hadi mwenye kadi au shirika agundue, kisha inafutwa, na anayesimama kaunta ni wewe. Europol huratibu misako ya viwanjani kwa ajili ya tiketi za aina hii.

Omba risiti ya tiketi na usome sehemu ya namna ya malipo. Ukikuta CASH, wakala amelipa shirika kwa njia ya kawaida ya mawakala. Ukikuta VI (Visa), CA (Mastercard) au AX (American Express) ikifuatiwa na tarakimu, kadi fulani imetumika. Wewe ulitoa fedha taslimu na kadi huijui? Muulize ni ya nani. Wakala halali anayetumia kadi ya kampuni yake atakupa barua na nakala bila kununa. Anayeanza kukupa maneno matamu, mwache, na namba yake uifute.

Angalia pia tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi, kwani zinataja shirika lililoitoa: 706 Kenya Airways, 071 Ethiopian, 197 Air Tanzania, 910 Oman Air. Ndege unayopanda ikiwa ya shirika jingine, maswali ya malipo yapeleke kwa hilo lililotoa tiketi.

Wakikataa kabisa kaunta, ndiyo safari imekufa?
*Msomaji, Kampala*

Si lazima. Kwa kawaida wanakubali ulipe upya kwa kadi nyingine au fedha taslimu, halafu malipo ya kwanza yarudishwe. Kabla ya kutoa senti, uliza mambo mawili: je, ni kwa nauli ileile au kwa bei ya leo, na je, utapewa maandishi ya marejesho? Fedha zitarudi kwenye kadi iliyolipa awali, si mkononi mwako, na zinaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mwarifu mwenye kadi. Fika mapema: mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya kuruka, na dirisha la malipo lina foleni yake.

Karani alitaka kuipiga picha kadi yangu kwa simu yake. Nilipaswa kukubali?
*Msomaji, Kigali*

Hapana. Anachohitaji ni jina, tarehe ya kuisha na nne za mwisho, na hayo anayasoma kadi ikiwa mkononi mwako. Nakala ya ofisi, ikibidi, iwe ya upande wa mbele, namba za katikati zimefunikwa. Namba tatu za nyuma, PIN na namba za SMS hazihitajiki kwenye uhakiki huu, kaunta wala kwa simu. Akipiga mtu akijiita wa shirika na kuziomba, kata simu, kisha wapigie shirika mwenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti yao.